Ndovu wa Tsavo: Waliohesabiwa Kabla ya Kujulikana

Leo tunakwenda Tsavo, ila si kwa wale simba wa 1898 waliokula vibarua wa reli. Hadithi hiyo mmesimuliwa hadi imechakaa. Leo ni zamu ya ndovu, na tunaanzia kwenye mataya yao.

Ukame wa 1970 na 1971 ulipokuwa ukimalizika, kingo za mto Galana, ndani ya Tsavo Mashariki, zilijaa mizoga. Watafiti na askari wa mbuga walizunguka wakihesabu mafuvu na kukagua magego. Ndovu hupewa seti sita za magego maishani mwake. Seti moja ikisagika, nyingine husogea kutoka nyuma na kuisukuma nje. Ya sita ikiisha, anapokaribia miaka 60 au kuipita kidogo, mnyama hudhoofika kwa njaa hata kama majani yamemzunguka. Kwa hiyo anayejua kusoma taya anaweza kukwambia marehemu alikuwa na umri gani. Mtafiti Timothy Corfield, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1973, alikadiria kwamba ndovu waliokufa hawakupungua 5,900. Wengine wameitaja hesabu ya 9,000.

Ndovu elfu sita ni wengi, lakini si hilo lililowaduwaza wataalamu. Mifupa ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya majike na ndama. Madume wakubwa, wenye miili inayodai chakula kingi kuliko wote, wengi wao walitoka salama. Njaa ni ile ile, jua ni lile lile, mto ni ule ule. Mbona kifo kilichagua?

Shikilia swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo lililokosekana katika ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kuikumba Tsavo.

Mbuga yenyewe ilitangazwa Aprili 1948, miaka miwili tu baada ya ile ya Nairobi, wakati Mervyn Cowie akiwa mkuu wa mbuga za Kenya. Ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000, likagawanywa Mashariki na Magharibi ili kurahisisha usimamizi. Kwa nini pale? Si kwa sababu ya uzuri wake. Nyika ile ilikuwa kavu, ina mbung'o, na hakuna mlowezi aliyeitamani kwa kilimo. Serikali ya kikoloni ikaiona tupu. Tupu haikuwa. Waorma walilisha mifugo huko, Wakamba waliwinda na kurina asali, Wataita walishuka kutoka milimani mwao, na ndani kabisa ya nyika waliishi Waata, ambao majirani wengi huwaita Waliangulu.

Hao Waata, msikilizaji, walikuwa mafundi wa ndovu. Uta wao mkubwa ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta, na mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mtini, sumu inayosimamisha moyo. Lakini uta haukufaa kitu bila ujuzi. Mwindaji alimwendea ndovu upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwake, akafika hatua chache tu kutoka ubavuni mwake, akalenga tumbo, mahali ngozi na mifupa haizuii mshale. Ilimbidi ajue dume mzee hunywa maji wapi na saa ngapi, anapumzika chini ya mti gani, kundi la majike linapita njia ipi mvua zikianza. Pembe zikashuka pwani kama zilivyoshuka karne ya 19, siku ambazo misafara ya Wakamba iliingia Mombasa na meno ya ndovu begani.

Mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, aliyekuwa mwanajeshi katika Vita Vikuu vya Pili, aliwaona kwa macho mengine: majangili. Mwaka 1956 na 1957, yeye na mwenzake Bill Woodley wakaongoza operesheni kubwa, polisi na askari wa mbuga wakiingia vijijini na porini. Wawindaji wengi wakafungwa. Kwa hesabu za serikali ilikuwa kampeni iliyofaulu mno. Katika muda wa miaka miwili hivi, uwindaji wa ndovu kwa mishale ulikuwa umevunjwa mgongo.

Nataka kuwa mwadilifu kwa watu hawa. Woodley mwenyewe alikuja kuona kwamba kumfunga mtu kwa kazi pekee aliyorithi si suluhisho, akapendekeza Waata wapewe eneo la kuwinda kwa kibali. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, chini ya Ian Parker. Waata wakaajiriwa, na idadi maalumu ya ndovu ikawindwa kihalali kila mwaka, pembe na nyama vikauzwa. Lilikuwa wazo lililotangulia wakati wake, lakini halikudumu. Miaka michache baadaye eneo lile likawa ranchi ya ng'ombe, na Waata wakabaki bila uta na bila ajira.

Huku nyuma, ndani ya mbuga, mambo yalikuwa yakibadilika. Sheldrick alichimba visima na kujenga mabwawa. Bwawa la Aruba, mashariki ya Voi, lilikamilika mwaka 1952. Ndovu mmoja mkubwa hunywa lita 100 hadi 200 kwa siku, kwa hiyo maji ya kudumu yalimaanisha ndovu wa kudumu, mahali ambapo zamani walipita tu msimu wa mvua. Na nje ya mbuga mashamba yaliongezeka, bunduki ziliongezeka. Ndovu ni mnyama anayejifunza haraka wapi anapigwa na wapi haguswi. Wakaingia ndani, wakakaa.

Hapa inabidi tupige hesabu kidogo. Ndovu jike hubeba mimba miezi 22, huzaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Kwa mwendo huo, kundi haliwezi kuongezeka maradufu kwa miaka mitano. Lakini ndege zilizohesabu miaka ya 1960 zilikuta ndovu wengi zaidi kila zilipopaa, hadi makadirio yakafika kama 35,000 katika Tsavo na nyika inayoizunguka. Uzazi peke yake hauwezi kuueleza wingi huo. Hawa wengine walikuwa wakimbizi.

Na wakimbizi hao walikula. Vichaka vilivyofungamana hata mtu hapiti vikageuka uwanda wa nyasi. Mibuyu iliyosimama karne nyingi ikachimbwa magome na mashina hadi ikaanguka. Wanyama wanaopenda kichaka wakapungua, wale wanaopenda nyasi wakaongezeka. Tayari katika ukame wa 1960 na 1961, vifaru weusi walikufa kwa mamia kandokando ya mto kwa kukosa majani. Watalii wakashangaa kuona miti iliyovunjwa kila upande. Magazeti yakaanza kuuliza: je, ndovu wanaiua Tsavo?

Ndipo akaitwa Richard Laws. Mwingereza huyu alianza kazi yake kwenye barafu ya kusini ya dunia akichunguza sili na nyangumi, kisha akaenda Uganda. Uganda wakati ule ndiyo iliyokuwa mbele katika kile kilichoitwa usimamizi wa kisayansi. Viboko walipigwa risasi kwa maelfu katika mbuga ya Queen Elizabeth ili kuokoa malisho, na kati ya 1965 na 1967 ndovu wapatao 2,000 waliuawa katika Murchison Falls. Maiti zilipasuliwa, mifuko ya uzazi ikakaguliwa, mataya yakapangwa kwa umri. Laws ndiye aliyetengeneza kipimo cha kusoma umri wa ndovu kwa magego, kipimo kile kile kilichokuja kutumika kwa mifupa ya Galana. Na aligundua jambo la maana: ndovu wakisongamana, majike huchelewa kubalehe na nafasi kati ya ndama na ndama hurefuka. Mwili wenyewe unapunguza mwendo.

Ila njia ya kuua ilitegemea tabia, na sehemu hii sipendi kuisimulia, lakini ni historia. Kundi la ndovu jike ni ukoo: nyanya, binti zake, wajukuu. Nyanya ndiye anayejua. Wapigaji walimwangusha yeye kwanza. Wengine, badala ya kutawanyika, walimzunguka, wakimgusa kwa mikonga, wakingoja awaambie la kufanya. Waliokuja kuua wakamaliza ukoo mzima kwa dakika chache, hadi ndama wa mwisho, ili asibaki yatima wala shahidi. Upendo wa ukoo ulikuwa ndio mtego.

Mwaka 1966 ndovu 300 waliuawa hivyo katika Tsavo Mashariki kama sampuli. Laws alisema Tsavo haina kundi moja la ndovu bali makundi kadhaa yanayojitegemea, na akataka zaidi ya 2,000 wengine, kutoka katika makundi mengine, ili ajue kila moja liko katika hali gani. Sheldrick akakataa katakata. Kwa hoja yake, nyika ina mzunguko wake: ndovu huangusha miti, nyasi hutawala, chakula cha ndovu hupungua, ndovu hupungua, miti hurudi. Mwachie Mungu kazi yake. Laws akajibu kwamba mbuga iliyozungukwa na watu si nyika ya Mungu tena, na kwamba kutofanya lolote ni uamuzi pia. Ugomvi ukawa mkali, wa hoja na wa nafsi. Mwaka 1968 Laws akajiuzulu, akaondoka. Miaka miwili baadaye mvua zikakataa.

Sasa turudi kwenye lile swali. Kwa nini majike na ndama?

Jibu lilipatikana katika mwendo wao. Ndama mchanga hawezi kutembea mbali, na mama anayenyonyesha hawezi kukaa bila maji. Kiangazi kikikaza, ukoo hujifunga kwenye duara dogo kuzunguka mto. Majani ya duara lile huisha wiki za kwanza. Chakula kipo, lakini kipo mwendo wa siku nzima kutoka majini, na ndama hafiki. Mama hamwachi. Dume yuko peke yake au na wenzake wawili watatu, tangu alipoondoka kwa mama yake akiwa na miaka 12 au 15. Yeye hunywa, huenda zake mbali, hula, hurudi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo ndovu wa Galana walikufa kwa njaa miguu ikiwa kwenye maji.

Vifaa vya redio vilivyofungwa shingoni mwa ndovu mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha pia kwamba si kila ndovu wa Tsavo anaishi namna moja. Wale wa Magharibi, kwenye chemchemi na ardhi ya volkano, walizunguka eneo la kilomita za mraba mia chache tu. Wale wa Mashariki, zaidi ya 1,500. Maana yake, idadi ile ile ya ndovu inaweza kuwa nyingi kupita kiasi upande mmoja na ya kawaida upande mwingine. Ugomvi wote wa Laws na Sheldrick uliendeshwa kwa swali la wangapi. Ungeanza na nani yuko wapi, anakwenda na nani, ungekwenda njia nyingine. Na waliokuwa na jibu la swali hilo, wawindaji wa Kiwaata, walikuwa wametoka jela juzi.

Nani alishinda? Kila upande ulidai ushindi. Wa Laws walisema: si tuliwaambia, wamekufa kwa mateso badala ya risasi. Wa Sheldrick walisema: mazingira yamejirekebisha yenyewe. Mimi naona hakuna aliyepata nafasi ya kuthibitisha, kwa sababu bunduki zilifika kabla ya jaribio kwisha. Bei ya pembe ilipanda kwa kasi miaka ya 1970. Watu walioingia mbugani kuokota meno ya ndovu waliokufa na ukame waliona faida yake. Kisha wakaja wengine na silaha za kivita. Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, na mwaka huo huo Sheldrick akafariki, baada ya kuhamishiwa Nairobi. Marufuku haikuzuia kitu. Hesabu ya ndege ya 1988 ilikuta ndovu wasiofika 6,000 katika eneo zima lililokuwa na 35,000. Vifaru, waliokuwa maelfu, walikuwa karibu kwisha kabisa.

Mwaka 1989 Richard Leakey akapewa uongozi wa idara ya wanyamapori, tarehe 18 Julai Rais Moi akawasha moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na Oktoba mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huko Lausanne ukapitisha marufuku ya biashara ya pembe duniani. Hayo yanajulikana sana, sitakawia hapo.

Kinachojulikana kidogo ni kile majangili walichokiondoa pamoja na pembe. Jangili hupiga mwenye pembe kubwa, na mwenye pembe kubwa ni mzee. Tsavo na kwingineko wakabaki vijana. Wakati huo huo, huko Amboseli, Cynthia Moss alikuwa tangu 1972 akiwafuata ndovu mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, akiandika nani kazaa nani. Mwenzake Joyce Poole alionyesha kwamba dume wa Afrika naye, kama wa Asia, ana majira ya kupandwa na ashiki, mashavu yakimchuruzika majimaji, akiwa mkali kupita kawaida. Ikabainika pia kwamba ndovu huzungumza kwa ngurumo nzito ambazo sikio letu halizipati, zinazosafiri kilomita kadhaa. Na wachunguzi walipoyachezea makundi sauti za ndovu wageni, ukoo wenye nyanya mzee ulitofautisha vyema rafiki na mgeni kuliko ukoo wenye kiongozi kijana.

Gharama ya kumpoteza nyanya ilipimwa Tarangire, Tanzania. Mwaka 1993 ukame mkali ulipiga huko, na kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa katika miezi tisa. Zaidi ya nusu ya vifo vilikuwa katika kundi moja lililobaki ndani ya mbuga. Makundi mengine yaliondoka, yakatafuta maji na majani kwingine. Watafiti walipochunguza umri, waliona kwamba walioondoka waliongozwa na majike wa umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Lililobaki halikuwa na bibi wa umri huo. Majangili walikuwa wamewamaliza.

Kwa upande wa madume, twende Afrika Kusini. Mbuga ya Kruger nayo ilikuwa ikipunguza ndovu kwa risasi, ila huko ndama wengine waliachwa hai na kuhamishwa. Baadhi walipelekwa Pilanesberg miaka ya mwanzo ya 1980, mayatima watupu, bila mzee hata mmoja. Walipobalehe wakawa wakali kabla ya wakati wao, wakawa wanawaua vifaru weupe. Zaidi ya vifaru 40 waliuawa. Mwaka 1998 wasimamizi wakaleta madume sita wazima kutoka Kruger. Vijana wakatulia, na mauaji ya vifaru yakakoma. Hakuna aliyeongeza uzio wala askari. Waliongeza wazee.

Tsavo yenyewe ilijifunza jambo hili kupitia mayatima. Daphne Sheldrick, mke wa David, alihangaika miaka mingi kupata maziwa yanayomfaa ndama wa ndovu, hadi akagundua kwamba mafuta ya nazi yanashika nafasi ya mafuta ya maziwa ya mama. Nazi yetu ya pwani, fikiria. Lakini ndama wake Aisha, aliyenawiri kwa maziwa hayo, alikufa Daphne aliposafiri siku chache kwenda harusini. Chupa ilikuwepo, mama hakuwepo. Tangu hapo walezi wa mayatima hufanya kazi kwa zamu na hulala nao, ili ndama asimzoee mtu mmoja tu.

Leo hesabu imepanda. Sensa ya 2021 ilikuta ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, inaikata mbuga, na chini yake zimeachwa njia za wanyama kupita. Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye uzio kwa sababu mtafiti Lucy King alithibitisha kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake, humkimbia nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika. Shamba hupona mara nyingi, na asali ni ya mkulima. Mpango huo umetoka katika kujua mnyama anaogopa nini.

Ukame nao ulirudi. Kati ya Februari na Oktoba 2022, Kenya iliandikisha vifo vya ndovu 205. Mabishano ya wapunguzwe au waachwe yataanza tena, hasa na wale wanaolala macho wakilinda mahindi Taita Taveta, na wana haki ya kuuliza.

Basi nina ombi kwako, msikilizaji wa Kilifi, Tana River, Kwale au Taita Taveta. Kama nyumbani kwenu yupo mzee wa Kiwaata aliyewahi kushika uta kabla ya operesheni ya 1956, ana umri mkubwa sasa. Kaa naye, mrekodi kwa simu, muulize ndovu walipita wapi, walikunywa wapi, na mwaka wa njaa walikwenda wapi. Kisha tuletee sauti hiyo hapa studioni, nasi tutairusha hewani kwa jina lake, akikubali.